Jeraha Alichague Mwenye Mwili

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: sisi tunaocheza michezo ya kuigiza wahusika mezani, kwa karatasi na dadu, tumejitungia kanuni gani za majeraha ya vitani, na je, zimetufaa? Mimi ni msimamizi wa mchezo katika kundi letu, yaani ndiye ninayesimulia hadithi na kuwachezesha maadui, na msimamo wangu ni mmoja. Jeraha alichague mchezaji mwenyewe, dadu isihusike. Na jeraha hilo limzuie mhusika kufanya jambo fulani, lisimpunguzie namba.

Tunacheza Dungeons & Dragons, toleo la 2014. Humo mhusika mwenye pointi 60 za uhai anapigana vilevile akiwa nazo zote 60 au akiwa amebakiwa na 1. Akifika sifuri anaanguka, na kila zamu yake anarusha dadu ya pande 20: kuanzia 10 kwenda juu ni nafuu, chini ya hapo ni hatua moja kuelekea kaburini, na upande utakaotangulia kufika tatu ndio unaoamua. Ila ni nadra kufikia huko. Mganga wa kundi yuko hapo karibu, ana tamko la kiganga la kuponya, la daraja la 1, linalofika futi 60, na kulitamka hakumli zamu yake yote. Mpiganaji anapata pointi zake tano, anainuka, anapiga, anaangushwa, anainuliwa tena. Baada ya hapo wanalala kwa muda wa saa 8, na asubuhi wote wako buheri wa afya, pamoja na yule aliyechomwa mkuki wa tumbo jana jioni.

Hali hii ina asili yake. Mchezo ulipotoka mwaka 1974, wazo la pointi za uhai lilikuwa limetokana na michezo ya vita. Dave Arneson, mmoja wa watunzi wake wawili, alilichukua kwenye kanuni alizotumia kwa mapambano ya manowari. Manowari huelea au huzama, haichechemei. Wengine waliliona pengo hilo mapema sana. Katika Traveller ya 1977 pigo linakata moja kwa moja nguvu, wepesi au ustahimilivu wa mhusika, na RuneQuest ya 1978 iliugawa mwili ili kila kiungo kiwe na hesabu yake. Zote mbili ni kazi nzuri, lakini kulihamisha kundi zima kwenda mchezo mwingine kwa ajili ya goti moja lililovunjika ni shughuli pevu.

Kinachowavutia wengi ni jedwali la hiari lililomo kwenye kitabu cha msimamizi cha toleo hilohilo la 2014. Unarusha dadu ya pande 20: ukipata 1 jicho limekwenda, 2 ni mkono, 3 ni mguu, na huko juu kuna mbavu, kidonda kinachooza, makovu. Kitabu kinapendekeza litumike mhusika anapopatwa na pigo baya kabisa (dadu ya anayempiga ikionyesha 20), au anapofika sifuri bila kufa, au anaposhindwa vibaya ile dadu ya kifo. Tatizo langu ni hilo pendekezo la kwanza. Chukua mbwa mwitu watano, pambano la raundi nne. Hayo ni mashambulizi 20, na uwezekano wa namba 20 kutokea angalau mara moja ni kama asilimia 64. Kila jedwali linapoguswa, asilimia 15 ni kupoteza jicho au kiungo. (Wala jedwali halijali kama aliyekupiga alitumia shoka au kichwa cha mbuzi.) Sasa, mbwa mwitu anakufa leo na habari yake inaishia hapo. Mhusika ndiye anayerudi wiki ijayo kupigwa tena, na wiki inayofuata, kwa hiyo kanuni inayoonekana kuwabana wote sawasawa inawala wachezaji peke yao.

Halafu tiba. Uganga wa kuotesha upya kiungo kilichokatika ni wa daraja la 7, na mganga haufikii mpaka yeye mwenyewe akue hadi ngazi ya 13. Aliyekatika mguu akiwa ngazi ya 3 ana safari ndefu ya kusubiri, na wachezaji hawasubiri. Anamstaafisha mhusika, anatunga mwingine mwenye miguu miwili, na hadithi yote mliyoijenga pamoja inatupwa.

Kanuni yetu inaanzia sifuri, si kwenye pigo. Pointi zikiisha, namuuliza mchezaji: unalala au unalipa? Akisema analala, anaanguka na kufuata kitabu kama kilivyo. Akisema analipa, anabaki amesimama na pointi 1, lakini anataja kiungo kilichoumia, kwa kuangalia alichopigwa nacho. Mimi nasema jambo moja ambalo hataweza kulifanya mpaka apone. Hakuna kutoa mbili kwenye dadu yake, hakuna kutoa tano. Namba husahaulika raundi ya pili, na zisiposahaulika ni mbaya zaidi, kwa sababu anayeshindwa anazidi kushindwa. Kila mhusika ana nafasi tatu za majeraha. Zikijaa, ya nne ni kulala tu, apende asipende.

Mbeba ngao wetu alipigwa rungu na jitu kwenye mlango wa handaki, pointi zikaisha. Akasema, “Nalipa. Mkono wa ngao.” Nikamshangaa kidogo, maana mbavu zingemgharimu kidogo kuliko mkono. Akajibu, “Rungu limetua kwenye ngao, lingevunja nini kingine?” Basi, ngao haiinuki, na kazi ya mikono miwili haiwezekani. Pambano likaisha, wakaenda mbele, wakakuta kisima kikavu cha kushuka kwa kamba. Kwa kawaida kisima cha namna hiyo huchukua dakika moja: kila mtu anarusha dadu, tunasonga. Siku hiyo meza nzima ilibishana. Wamwache juu peke yake? Wamfunge kamba kiunoni wamteremshe kama gunia? Deraya yake itagonga ukuta na walio chini watasikia. Hatimaye mwenyewe akaivua deraya, akateremshwa akiwa na fulana tu. Kwa nilivyowajua, kutoa mbili kusingewafanya wakifikirie kile kisima.

Kupona ni kwa wiki moja ya ndani ya mchezo kwa kila jeraha, mahali salama, na awepo wa kuuguza. Matamko ya kurudisha pointi hayagusi jeraha. Lile la daraja la 2 linaloondoa maradhi tumeliruhusu lifupishe wiki iwe usiku mmoja, ili mganga asijione hana kazi. Kwa hiyo wakati mwingine kundi linapaswa kuamua kama litapumzika huku adui akijipanga, au litamfuata hivyohivyo likichechemea.

Kuna waliosema kanuni hii ni laini mno, kwamba mtu akijua anaweza kulipa hataogopa kufa. Sikubaliani. Aliyekwisha kujaza nafasi mbili anapigana kwa tahadhari ambayo sikuwahi kuiona mezani kwetu, na wako wanaochagua kulala makusudi ili wasiingie deni. Jambo moja tu nimelipiga marufuku: kutaja jeraha kwenye kiungo ambacho mhusika hakitumii kwa lolote. Na kabla ya kuanza kila hadithi mpya tunaulizana ni majeraha gani hatutaki kuyasikia. Majeraha ya macho yaliondolewa siku ya kwanza, na aliyeomba hakutakiwa kueleza sababu.

Tunachobishania bado ni maadui. Mbwa mwitu na askari wa kawaida hawana nafasi ya jeraha, wakiisha wameisha. Lakini joka la mwisho wa hadithi nimelitengea nafasi moja, litoe bawa libaki hai. Wachezaji wanadai huo ni upendeleo.