Kipimo hakioni virusi, mbona dawa haikomi?

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Huu ni mwaka wa 7 natumia ARV, kile kidonge kimoja kwa siku. Vipimo viwili vya mwisho kliniki ya VVU (CTC) wameniambia virusi havionekani. Sasa nikiacha dawa, hivyo virusi vitarudi vikitokea wapi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Vitatokea ndani ya seli zako mwenyewe, na kwa walio wengi havichukui zaidi ya wiki 2 hadi 4. Kipimo cha wingi wa virusi huhesabu virusi vinavyoelea kwenye maji ya damu, kwa kila mililita 1. Kilichojificha ndani ya seli hakikihesabu.

VVU vikiingia kwenye seli ya CD4, moja ya seli za kinga ya mwili, hunakili vinasaba vyao kuwa DNA, kisha huishona DNA hiyo ndani ya DNA ya seli. Kidonge chako, bila shaka ni TLD, kinavizuia hapo: tenofovir (miligramu 300) na lamivudine (300) hukatiza kunakili, dolutegravir (50) huzuia kushona. Ila kilichokwisha kushonwa kabla hujaanza dawa, hakuna hata moja kati ya hizo 3 inayoweza kukifumua.

Baadhi ya seli hizo hulala. Ni seli za kumbukumbu. Kazi yake ni kukaa miaka na miaka zikingoja ugonjwa zilioujua zamani urudi. Ikilala, seli haitengenezi virusi, hivyo dawa haina cha kuzuia na kinga haina inachokiona. Anayelima mahindi kwenye shamba lenye gugu la kiduha ataelewa haraka: palizi hung'oa kilichoota, lakini mbegu hubaki udongoni miaka mingi, mpaka mzizi wa mahindi upite karibu.

Seli hizo ni chache mno, takriban 1 katika kila milioni 1 ya CD4 zilizolala. Tatizo ni kwamba hupungua nusu kila baada ya miezi 44 hivi. Watafiti wa Marekani walipopiga hesabu walipata zaidi ya miaka 70 ya kumeza dawa kabla hazijaisha, na hiyo ni hesabu ya upole, maana baadaye ilionekana kuwa seli hizi zikigawanyika hurithishana na ile DNA ya virusi. Rakai, nchini Uganda, seli zenye uwezo wa kutoa virusi zilikutwa karibu theluthi moja tu ya zile za wagonjwa wa Baltimore, Marekani. Inatia moyo, ila virusi kurudi hakuhitaji seli nyingi zilizoamka.

SWALI: Kuna Mmarekani alipona Ujerumani kwa kupandikizwa uboho. Kwa nini nasi tusifanyiwe? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Unamsema Timothy Ray Brown. Alipandikizwa Berlin mwaka 2007 kwa sababu ya saratani ya damu, si kwa sababu ya VVU, na saratani iliporudi akapandikizwa tena mwaka 2008. Aliyemtolea uboho alizaliwa na hitilafu ya jeni ya CCR5, ule mlango ambao aina nyingi za VVU hupitia kuingia kwenye seli. Brown alifariki mwaka 2020 kwa saratani ileile, virusi havikurudi.

Ili upandikizwe, uboho wako huuliwa kwanza kwa dawa kali, na seli za mtoaji zinaweza kugeuka na kuushambulia mwili wako. Wengine hufa kwa tiba yenyewe. Kumfanyia hivyo mtu anayeishi vizuri kwa kidonge kimoja ni kumwingiza kwenye hatari bila sababu. Zaidi ya hapo, hitilafu hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili ipo kwa takriban mtu 1 kati ya 100 kaskazini mwa Ulaya. Kwa Waafrika ni nadra sana.

Njia nyingine iliyojaribiwa ni kuziamsha seli kwa dawa ili zijulikane, kisha ziuawe. Kuamka ziliamka, japo si zote, lakini hazikufa. Na kuna mtoto wa Mississippi, Marekani, aliyeanzishiwa dawa akiwa na saa 30 tu tangu azaliwe. Alikaa zaidi ya miaka 2 bila dawa wala virusi kuonekana, watu wakashangilia, kisha mwaka 2014 vikarudi.

SWALI: Nina ujauzito wa miezi 5, sijaruka dozi hata siku moja. Majibu ya kipimo cha wingi wa virusi yamesoma kopi 78, wakati zamani virusi havikuonekana. Dawa imeshindwa? – Mama B., Tanga

JIBU: Kopi 78 mara moja si kushindwa kwa dawa. Mara nyingine seli zilizolala huamka na kumwaga virusi kidogo, kipimo kikavikuta, kisha vikashuka tena. Ila kwa kuwa ni mjamzito usingoje kipimo cha mwaka. Waombe kliniki wakirudie mapema.

Wakati huo angalia vidonge vya kuongeza damu. Madini ya chuma, pia kalsiamu na dawa za kiungulia zenye magnesiamu, huing'ang'ania dolutegravir tumboni isifyonzwe. Meza TLD saa 2 kabla ya vidonge hivyo au saa 6 baada yake. Vya chuma na kalsiamu unaweza kumeza pamoja na TLD, mradi iwe na chakula. Dawa za kiungulia zitenganishe daima. Na ukianzishiwa dawa za kifua kikuu zenye rifampicin, waambie unatumia TLD, kwani utahitaji dolutegravir ya ziada ya miligramu 50, saa 12 baada ya kidonge chako cha kawaida.