Kaa karibu na chelo

Juzi msomaji mmoja ameniandikia. Amealikwa kusikiliza muziki wa chemba, yaani muziki wa wapigaji wachache, katika chumba cha watu hamsini, na ana hofu: akae wapi, na apige makofi lini? Ujumbe huo umenitonesha kidonda.

Mara yangu ya kwanza nilisikiliza kwarteti, muziki wa wapigaji wanne, ya mtunzi Haydn: fidla mbili, viola iliyo kubwa kidogo kuliko fidla, na chelo, kubwa kuliko zote. Sehemu ya kwanza ilipoisha moyo ulinijaa, nikapiga makofi. Peke yangu, maana desturi ni kusubiri hadi sehemu zote ziishe. Bwana aliyekaa mbele yangu akageuka, akanitazama kutoka kichwani hadi viatuni, asiseme neno. Sikurudi tena kwa miaka mitatu. Miaka hiyo aliniibia, na bado sijamsamehe.

Aliyenirudisha ni rafiki yangu, akaniketisha hatua mbili kutoka kwa mpiga chelo. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini muziki huu ulitungiwa vyumba vya watu. Hakuna mwongozaji. Mpiga fidla wa kwanza anavuta pumzi puani, fupi, kama mtu anayetaka kusema jambo, na wote wanne wanaanza kwa pamoja. Chelo inasimama kwa chuma chake chembamba, basi sauti nzito zinashuka kwenye mbao za sakafu; nilizihisi nyayoni. Niliona hata vumbi jeupe la utomvu wa upinde likitua chini ya nyuzi.

Kwa hiyo kaa mbele. Usijifiche nyuma kwa aibu, hakuna viti vya wajuzi. Ukipotea, fuata ala moja tu, hata viola ambayo wengi huisahau; mtunzi Mozart mwenyewe alipenda kuishika alipopiga na wenzake. Simu izime kabisa, maana katika chumba kidogo mwanga wake unawafikia wapigaji usoni.

Na makofi? Usihesabu sehemu. Kwarteti ya Beethoven, opasi 131 (yaani kazi yake yenye namba hiyo), ina sehemu saba zinazofuatana bila kituo, utahesabu hadi uchoke. Tazama mikono. Pinde zikishuka na mabega yakalegea, piga makofi kwa nguvu zako zote. Na ukimsikia mgeni akiwahi, usimgeukie, nakuomba. Huyo ameguswa kabla yako.

Wiki iliyopita nilisikia kwarteti ya kwanza ya mtunzi Smetana, aliyoiandika mwaka 1876 akiwa tayari kiziwi. Katika sehemu ya mwisho furaha inakatika ghafla, kisha fidla ya kwanza inashika noti moja ya juu sana, ndefu: ndiyo mlio uliokuwa ukimsumbua masikioni. Ukiwa mbali ni noti tu. Mimi nilikuwa karibu kiasi cha kuona kidole kikitetemeka juu ya uzi. Muziki ukafifia, nyuzi zikadonolewa taratibu, kukawa kimya. Nilisubiri mikono ishuke, kisha nikawa wa kwanza kupiga makofi.