Mnaoanza kusoma siasa za Japani, anzieni kwenye theluji

Wadogo zangu mliopewa mada ya Tanaka Kakuei, waziri mkuu wa zamani wa Japani, nawaomba msisome nilivyosoma mimi. Nilikariri vyeo tu: Waziri wa Posta 1957 akiwa na miaka 39, Fedha 1962, Viwanda na Biashara 1971, waziri mkuu 1972, akaachia ngazi 1974. Nikasimama mbele ya darasa najiamini kweli kweli, mwalimu akaniuliza kitu kimoja: Oktoba 1983 mahakama imemhukumu miaka minne jela kwa kupokea rushwa ya yen milioni 500 za Lockheed, kampuni ya ndege ya Marekani, akakata rufaa, Desemba hiyohiyo watu wa kwao wakampa kura zaidi ya 220,000, kwa nini? Nikabaki nimeshika karatasi zangu, kimya.

Jibu liko mkoani kwao, Niigata. Theluji ya kule inarundikana mpaka inapita kimo cha mtu, na zamani barabara ikishazibwa ndo basi tena, mgonjwa hatoki kijijini, wanaume wengi wanaenda kufanya vibarua Tokyo wanaacha wake na wazee msimu mzima. Sasa mtu wa hivyo ukimletea barabara na handaki atakusahau vipi? Tanaka kabla hata hajawa waziri, 1953, alikuwa mstari wa mbele kupitisha sheria ya kodi ya petroli iende kwenye barabara, na 1982 Shinkansen, treni ya mwendo kasi, ikafika Niigata.

Halafu someni mfumo wa uchaguzi wa wakati ule, hapa msiruke kabisa. Jimbo lake lilikuwa linatoa wabunge 5 lakini mpiga kura anachagua mmoja tu, kwa hiyo LDP, chama chake kilichokuwa kinatawala, inasimamisha watu kadhaa palepale na unagombania kura na mwenzako wa chama, sera zenu ni zilezile, watu wanaangalia nani kawatengenezea daraja. Ndo maana kila mbunge alijijengea koenkai, kundi la wafuasi wake mwenyewe siyo la chama, la Tanaka likiitwa Etsuzankai. Bila hilo neno hamtamwelewa yeye wala waziri yeyote mkongwe wa kipindi kile.

Hela za Lockheed ni kosa kubwa, mimi simtetei. Ila kabla hamjaandika hukumu yenu tafuteni picha ya sanamu yake nje ya stesheni ya Urasa, hukohuko Niigata: kanyoosha mkono juu, na juu yake wamemjengea paa theluji isimwangukie.