Ningeenda Beni, na ningeanzia jikoni

Mmeuliza wiki hii, ukipata nafasi ya kwenda kuwatembelea wanajeshi wetu walioko nje ya nchi utaenda, na utawapelekea nini? Mi naenda hata kesho, na naenda Beni, Kongo, kwasababu kaka angu alikaa huko na MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kulinda amani, na najua alikuwa anakosa nini.

Wengi tuliwakumbuka 7 Desemba 2017, waasi wa ADF walipovamia kambi ya Semuliki kule kule Kongo wakatuulia vijana 14, baadae wakafika 15. Siku miili inaagwa Upanga nililia kama nawajua wote. Lakini JWTZ, jeshi letu la Tanzania, wako kule tangu 2013, wao na wenzao wa Afrika Kusini na Malawi ndo walisaidiana na jeshi la Kongo kuwatimua waasi wa M23 mwaka ule, sasa miaka yote hiyo katikati nani alienda kuwaambia ahsante wakiwa hai?

Kaka anasema kuna siku walitangaziwa ugeni, wakasimama gwaride toka asubuhi, jua linawaka, wageni wamekuja mchana, hotuba, picha, haoo wakaondoka. Ila kwenye ule msafara kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, yeye alichomoka akaenda nyuma jikoni kwa wapishi akawa anauliza mmoja mmoja, mwanangu kwenu wapi, mama yupo, watoto wangapi, akaonja na mboga yao. Mpaka leo wanamtaja huyo mama, hotuba hakuna anayeikumbuka.

Na kaka angu akipata mtandao alikuwa hataki hata maneno mengi, anasema iwekeni simu hapo mezani nyie endeleeni kula, basi yuko kimya anasikiliza watoto wanagombania mnofu, jirani anapiga hodi, mama anafoka, mpaka bando linakata.

Kwahiyo kabla sijasafiri ningepita kwanza kwenye nyumba zao. Kuna mtu kule kaacha mke mjamzito na mtoto ameshaanza kutambaa hajawahi kumbeba, ningerekodi huyo mtoto anavyocheka, ningerekodi adhana ya msikiti wa mtaani kwao au kwaya ya kanisani kwao, nikachukua na pilipili ya mama mwenyewe aliyoisaga kwa mkono wake, dagaa wa Kigoma wakavu na ubuyu. Kule Beni Kiswahili kipo, kinatofautiana kidogo na chetu lakini tunaelewana, ningeomba pia nionane na wenyeji wanaolindwa na hawa vijana nao niwape pole kwa yanayowakuta.

Alafu nikirudi napita tena zile nyumba zote, hata kama itanichukua mwezi, nimwambie mama wa mtu nimemuona kwa macho yangu, amekonda kidogo ila anakula, na ile pilipili aliigawia kambi nzima.