Herufi T kwenye heller 20 ya mwaka 1916

Ndugu uliyeuliza kama herufi T kwenye sarafu ya marehemu bibi yako inamaanisha Tanganyika, jibu ni hapana: inamaanisha Tabora, na jina la Tanganyika lilianza kutumika kwa nchi hii baadaye, chini ya Waingereza. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, rupia za Wajerumani na heller, yaani senti za rupia hiyo, zilitengenezwa Ujerumani kwenyewe, zikiwa na A kwa kiwanda cha Berlin au J kwa kile cha Hamburg. Meli za Uingereza zilipoifunga pwani yetu na sarafu zikaadimika, serikali ya kikoloni iliugeuza mji wa Tabora, uliokuwa juu ya reli ya kati inayoanzia hapa Dar es Salaam, kuwa mahali pa kutengenezea fedha yake, ikatoa heller 5 na 20 pamoja na rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo, ambazo ni nzuri kupita kiasi. Kazi hiyo ilikoma mwaka huohuo wa 1916, kwa kuwa Wabelgiji waliuteka mji mwezi Septemba.

Heller 20 ninayoitunza ni ya shaba ya njano, ina taji upande mmoja, na chapa yake imefifia pembeni, jambo la kawaida kwa sarafu zilizotengenezwa kwa haraka namna ile. Nakusihi usiisugue yako kwa ndimu na majivu, kwani utaifuta herufi yenyewe.