Transdusa ya sona: usitoboe boti ingali karakanani Nairobi

Ndugu mleta uzi, nimesoma swali lako na majibu ya waliotangulia. Kwa faida ya wanaoingia sasa: jamaa anatengenezewa boti ya faiba ya mita 7 hapa Industrial Area, itapakiwa kwenye trela hadi Mbita, Ziwa Victoria, kuvua mbuta (sangara), itabeba injini ya kupachika ya farasi 40, na mashine ya sona, ile inayoonyesha kina na samaki kwa kutumia mlio, ameshanunua. Fundi mmoja anataka kutoboa chini ya boti, mwingine anataka kuigundisha transdusa, kile kipande cha sona kinachotuma na kupokea mlio, kwa ndani, na mwenyewe anataka kila kitu kiishe kabla trela haijaondoka Nairobi.

Mimi ni fundi wa umeme, wa magari na wa boti. Karakana yangu iko hukuhuku mjini na boti nyingi ninazofunga huishia Naivasha na Victoria. Msimamo wangu ni huu: nyaya, betri na skrini malizia hapa. Mahali pa kukaa transdusa pataamuliwa na maji, na Industrial Area maji hakuna.

Shida yote ni hewa. Transdusa inatuma mlio majini, unakwenda kama mita 1,500 kwa sekunde, unagonga chini na kurudi. Ukikutana na hewa njiani, hata tabaka jembamba tu, karibu wote unarudishwa palepale. Hata samaki tunamwona kwa sababu hiyo: kinachoakisi mlio zaidi mwilini mwake ni kibofu cha hewa, kilekile ambacho wafanyabiashara wa mbuta hukikausha na kukiuza ghali kuliko minofu. Hewa hiyo ndiyo unayoitafuta. Nyingine yoyote iliyokaa kati ya transdusa na ziwa inakuharibia kazi.

Sasa, huyu anayetaka kugundisha ndani hajakosea moja kwa moja. Mlio unapita kwenye faiba kama faiba ni nzima, yaani matabaka ya mkeka wa nyuzi na rezini, ile gundi yake, yaliyoshikana bila kitu katikati. Lakini karakana zetu nyingi zinazounda boti ndizo zinazotengeneza bodi za matatu na matangi, na mafundi wamezoea kutia povu au plaiwudi katikati ili bodi iwe ngumu na nyepesi. Kwa matatu ni sawa. Kwa transdusa ya ndani umekwisha, maana povu ni hewa tupu na mbao nayo inanyonya mlio. Ukimuuliza fundi atakuambia "ni faiba tupu hiyo, mkubwa". Usibishane naye. Toa kizibo cha tundu la kutolea maji kule nyuma, kama limetobolewa kwenye sakafu yenyewe, ingiza kidole, paruza ukingo wa tundu. Ukiona na kuhisi kitu kimoja kigumu kama kioo kuanzia nje hadi ndani, hapo ni nzima. Ukikuta mstari laini katikati unaobonyea kwa ukucha, au nyuzi za mbao, sahau habari ya ndani. Kisha gonga sakafu ya chini kwa mpini wa bisibisi kuanzia nyuma kwenda mbele, usikilize kama sauti inabadilika, kwa sababu kuna mafundi wanaojaza sehemu moja na kuiacha nyingine.

Hata ikiwa nzima, usigundishe Nairobi. Ngoja boti ielee. Ishike transdusa nje, ubavuni, uso wake ukitazama chini, na usome kina. Halafu mimina maji kidogo ndani, pale chini kabisa yanapojikusanya, ilaze transdusa humo na usome tena. Kina kikiwa kilekile na mstari wa chini haujafifia sana, hapo ndipo mahali. Ukipoteza usomaji, sogeza kidogo na ujaribu tena. Ukipapata, piga msasa hadi rangi yote iishe, futa vumbi, tumia epoksi inayokauka polepole. Ile ya dakika tano inapata joto haraka na kuacha viputo ndani yake, na kiputo kimoja chini ya transdusa kinatosha kukuharibia picha. Mimina epoksi, kisha izungushe transdusa huku ukiikandamiza ili hewa itoke pembeni. Jua pia unachokipoteza: kipimajoto kilichomo kwenye transdusa kitakusomea joto la boti badala ya la ziwa, na kama mashine yako ni ya zile zinazopiga picha za pembeni, picha hizo hazitapita kwenye faiba.

Kwa boti yako mimi ningefunga nyuma, kwenye ubao unaobeba injini. Ni rahisi, inarekebishika, na ikivunjika unabadilisha bila kuipandisha boti nchi kavu. Nenda dukani ununue ubao wa plastiki wa kukatia mboga, ule mnene mweupe. Ufunge kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu, kila tundu ulijaze gundi ya boti ya poliurethani. Silikoni ya madirisha waachie wenye madirisha. Na usijidanganye kwamba ubao huo utashika kwa gundi peke yake. Plastiki ile haishiki gundi. Ukishafungwa, transdusa unaipandisha, unaishusha na kuihamisha kwenye ubao huo mara ngapi upendavyo, na boti haipati tundu jipya. Ubao huu tu ndio sehemu ya kazi ya chini ninayokuruhusu kuifanya Nairobi.

Upande: kulia, ukiwa umetazama mbele. Propela nyingi za injini moja huzunguka kwa mwelekeo wa saa ukiitazama kutoka nyuma, kwa hiyo upande wa kulia makali yanashuka na mapovu ni machache kuliko kushoto. Kaa mbali na propela kama sentimita 40, na usikae nyuma ya mfereji, mbavu wala tundu lolote lililoko chini ya boti, kwa sababu kila kimoja kinavuta uzi wa mapovu. Kwenye boti ya faiba uso wa transdusa ushuke milimita 3 hivi chini ya usawa wa sakafu ya boti. Ya alumini ni kama milimita 10. Uso ulale sambamba na maji. Boti ikikimbia na picha ikapotea, ishushe kidogo au uinamishe kisigino chake, yaani upande wa nyuma, chini kidogo. Ikianza kurusha maji juu kama bomba lililopasuka, umeshusha mno.

Kutoboa chini ni kwa boti kubwa zenye injini ya ndani. Wenye mbao wanaosoma hapa: tumieni transdusa ya shaba nyeusi, maana mbao ikilowa huvimba na kuipasua ya plastiki. Wenye alumini, shaba hiyo msiiguse kabisa. Ikishikana na alumini majini, alumini ndiyo inayoliwa.

Nyaya: usikate waya wa transdusa hata ukizidi urefu, ukunje na uufiche. Usiufunge pamoja na nyaya za injini wala za redio, la sivyo skrini itajaa chengachenga kila ukikanyaga mafuta. Umeme utoke betrini moja kwa moja ukiwa na fyuzi yake, amp 3 kwa mashine nyingi ndogo, lakini fuata kitabu chako. Kama injini yako ni ya kuvuta kamba, betri ndogo ya volti 12 kama za taa za omena inatosha.

Na kwa aliyesema utahitaji masafa ya mlio ya kHz 50, yale ya maji ya kina kirefu, kwa sababu Victoria ni ziwa kubwa: ukubwa si kina. Wastani wake ni kama mita 40 na penye kina zaidi ni kama mita 80. Piga kHz 200. Mlio ukitawanyika kwa pembe ya digrii 20, kwenye mita 40 unaona duara la upana wa mita 14 hivi chini, na picha ni safi zaidi.

Jambo la trela: kunja transdusa juu au ivue kabisa kabla ya safari, matuta ya hapa hadi Mbita yataing'oa braketi. Ukishaishusha majini, osha uso wake kwa sabuni ya vyombo, kwa sababu mafuta ya vidole huzuia maji kuushika.

Ukifika, tupia hapa picha mbili za skrini, boti ikiwa imesimama na ikiwa mbioni, pamoja na picha ya boti kutoka nyuma. Tutakuambia uisogeze wapi.