Maswali Yenu: Riwaya ya Njozi na Safari

Maswali ya safari hii yametoka kwa wanaoandika riwaya za njozi: safari ndefu, mazimwi, falme ambazo haziko kwenye ramani yoyote. Mifano tumeitoa pwani na bara yetu, kwa kuwa huko kuna mali nyingi ambayo waandishi wetu wanaipita wakienda kuazima ya mbali.

Kila nikianza, hadithi inatokea kama filamu niliyokwisha kuiona: upanga, joka, mfalme mwovu. Wazo jipya hupatikana wapi?

Wazo la filamu hutangulia kwa sababu ndilo lililo juu juu. Liandike, liweke kando, endelea kuchimba. Chanzo kimoja kilicho karibu ni methali, mradi uichukue kama ilivyo bila kuifasiri. "Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Sahau maelezo ya darasani, uliza kama mpelelezi. Zimwi limemjuaje mtu huyu? Limemla kiasi gani, na kilichobaki kinaishije? Kuna mtu anayewatambulisha wanakijiji kwa zimwi, mmoja mmoja, na analipwa nini kwa kazi hiyo? Swali hilo la mwisho tayari ni riwaya, maana lina mwenye cheo, lina biashara, na bila shaka yupo asiyetaka kutambulishwa. Andika maswali kumi kwa methali moja. Matatu ya mwanzo huwa ya kawaida, usikate tamaa.

Miiko nayo ina utajiri: ukiambiwa usipige mluzi usiku, jiulize ni nani anayesikia. Magofu pia. Gedi, karibu na Malindi, ni mji wa mawe wenye misikiti na visima uliohamwa karne ya 17, na sababu ya watu kuondoka bado inabishaniwa. Mwanahistoria hilo linamsumbua, wewe limekupa nafasi.

Nichore ramani kwanza? Na nitajuaje wahusika wangu watafika lini?

Chora, lakini mchoro wa dakika ishirini unatosha: njia, maji, vizuizi, mahali pa kununua chakula. Kilicho muhimu zaidi ni hesabu ya mwendo, na hapo ndipo miswada mingi inapovuja. Shujaa anavuka jangwa kwa aya moja, sura inayofuata anatembea siku tatu kufika kijiji cha jirani.

Chukua vipimo vya misafara ya karne ya 19. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni zaidi ya kilomita 1,200, na msafara ulichukua miezi mitatu au zaidi. Watu waliondoka alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijakaza, na kilomita 15 ilikuwa siku nzuri. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na vitu vyake mwenyewe.

Sasa piga hesabu ya msafara wako. Watu 20, kila mmoja anakula robo tatu ya kilo ya nafaka kwa siku, safari ya siku 30: hizo ni kilo 450, sawa na mizigo 14. Kati ya watu 20, ni sita tu waliobaki mikono mitupu, na bado hujabeba hema, silaha wala hilo sanduku la siri. Kwa hiyo msafara lazima ununue chakula njiani. Ili ununue lazima uwe na bidhaa, ushanga au nguo. Ukiwa na bidhaa, kila mtemi utakayepita kwake atadai hongo, yaani ushuru wa kupita, na hongo ikichelewa, njia inafungwa. Umeanza na nafaka, umefika kwenye mgogoro bila kulazimisha chochote.

Baharini hali ni hiyo hiyo. Jahazi likipata upepo mzuri likaenda kilomita 8 kwa saa, kutoka Mombasa hadi Unguja, kama kilomita 240, ni saa 30. Lakini upepo wenyewe una zamu: kaskazi, kuanzia Desemba hivi hadi Machi, hupeleka vyombo kusini, kusi, kuanzia Aprili, huvirudisha kaskazini, na katikati ya kusi bahari huchafuka hadi manahodha wa safari ndefu hawatoki. Mhusika anayetaka kwenda Lamu kutoka Kilwa mwezi wa Januari anapigana na upepo. Akikosa msimu, anakaa bandarini miezi. Huko ndiko anakooa, anakokopa, anakoibiwa.

Shujaa wangu ana nguvu nyingi mno. Kufikia sura ya nne hakuna wa kumweza na hadithi imelala. Nimpunguzie?

Usimpunguzie. Mpeleke mahali ambapo nguvu hazisaidii.

Mwalimu wa jambo hili ni Fumo Liyongo, katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Jitu lile, ambalo silaha haziliui, linafungwa gerezani, na halitoki kwa mabavu. Mama yake anamletea mikate, lakini mizuri inaliwa na walinzi. Basi tupa inafichwa ndani ya mkate wa wishwa, ambao mlinzi hawezi kuutamani. Nje ngoma inapigwa na watu wanaimba, ndani Liyongo anakereza pingu, na sauti ya tupa inamezwa na matuazi. Tazama jinsi kila kitu kilivyo na kazi: uroho wa walinzi, ubaya wa mkate, kelele za ngoma. Ondoa kimoja tu, hatoki.

Hata kifo chake kimepangwa hivyo. Kinachomuua ni kitu kimoja, sindano ya shaba kitovuni, na anayeijua siri hiyo baada ya kuambiwa ni mwanawe mwenyewe. Kabla ya sura ya kwanza, andika majibu matatu kuhusu nguvu za shujaa wako: zinamgharimu nini kila anapozitumia, zinakoma wapi, na nani anajua zinapokoma. Wengi hujibu mawili ya kwanza. La tatu ndilo linaloleta usaliti, kwa hiyo mjuzi huyo awe mtu anayependwa. Siri ikijulikana na adui pekee, msomaji ataishtukia mapema.

Jambo jingine: mpaka wa nguvu uonekane mapema, kwenye tukio dogo lisilo na hatari. Ukiutaja kwa mara ya kwanza siku unapouhitaji, msomaji ataona umemdanganya, na atakuwa na haki.

Majina ya viumbe na watu wangu yanafanana, na sijui viumbe hao niwape ngeli gani.

Majina: wahusika wakuu wasianze na herufi moja wala kuwa na idadi moja ya silabi. Mwamba, Mwenda na Mwinyi kwenye ukurasa mmoja ni adhabu. Kila jamii uliyobuni ipe sauti zake. Moja majina yake yaishie kwa -o na -u, nyingine isiwe kabisa na "r". Msomaji hatagundua kanuni, ila atajua mtu ametoka wapi.

Ngeli ndiyo chombo ambacho wenzetu wanaoandika kwa Kiingereza hawana, na tunaitupa. Ukiandika "zimwi lilisimama mlangoni", ni kitu, ni tishio. Ukiandika "zimwi alisimama mlangoni", tayari kuna nafsi. Amua mapema msimulizi anatumia kipi, na usichanganye kwa bahati mbaya. Ukitaka kuchanganya, fanya makusudi na mara moja tu: sura kumi za "li-", kisha siku kiumbe kinapolia, "a-". Mhariri asiyejua nia yako atalisahihisha, kwa hiyo mwandikie pembeni.

Mapigano yangu yanasomeka kama orodha: akapiga, akaanguka, akainuka, akakimbia.

Hiyo ni "-ka-" iliyozidi. Baada ya vitenzi vitatu au vinne vya "-ka-" mfululizo, vunja mnyororo: weka "-ki-" ya jambo linaloendelea, weka sauti, weka kitu kinachovunjika. Linganisha:

"Akachomoa kisu, akamrukia, akamkosa, akaanguka."

"Kisu kilikwama alani. Alipokivuta kwa mikono miwili yule mtu alikuwa amekwisha kufika, akinuka samaki, na pigo likaenda ukutani."

Katika mfano wa pili "-ka-" imebaki moja, mahali pa matokeo. Na kisu kimeharibu mpango, jambo ambalo silaha za kweli hufanya mara nyingi kuliko za kwenye riwaya.

Nimefika maneno 20,000 na nimekwama. Mwisho ninaujua, katikati siuoni.

Chukua karatasi, piga safu nne: sura, nani anataka nini, nini kinamzuia, nini kimebadilika. Jaza kwa sura zote ulizoandika. Ambapo safu ya nne ni tupu, sura hiyo ni matembezi. Ifute, au bebesha sura ya jirani kilicho kizuri ndani yake. Mara nyingi tatizo la katikati limeanzia sura ya tano au ya sita, mhusika alipopata kitu bure.

Kisha andika kinyumenyume kutoka mwisho. Ili afike pale anahitaji nini? Nani alikuwa nacho? Alikipataje? Hatua tano za namna hiyo kwa kawaida hukutana na mahali ulipokwama. Na kama safari ni ya kutafuta kitu, fikiria kumpatia kitu hicho katikati ya kitabu. Hirizi aliyoitafuta kilomita 600 iko mkononi, haifanyi kazi. Sasa anataka nini?

Naruhusiwa kutumia majini na mizimu ya kwetu? Naogopa kuwaudhi wazee.

Tumia, kwa adabu ya kazi. Ngano na visa vinavyosimuliwa hadharani ni vya wote. Maneno ya tambiko, majina ya mizimu ya ukoo fulani na mahali panapozuriwa hadi leo ni jambo jingine, hivyo buni vyako. Ukienda kumuuliza mzee, mwambie tangu mwanzo kuwa unaandika kitabu, omba ruhusa kabla ya kurekodi, na usimkatize ili kumrudisha kwenye swali lako, maana anachokisimulia "nje ya mada" ndicho hukipati popote. Rekodi kikohozi na vituo pia. Mapigo ya usimulizi yamo humo.

Riwaya iwe na maneno mangapi?

Ya vijana, 25,000 hadi 40,000. Ya watu wazima, 60,000 inatosha, sura 25 hadi 30. Ukiandika maneno 500 kwa siku, siku tano kwa wiki, rasimu ya maneno 60,000 inakamilika kwa wiki 24. Miongozo ya Kiingereza inayodai 100,000 usiifuate, Kiswahili hubana.

Rasimu imeisha. Sasa?

Iache wiki tatu. Ichapishe, usihariri kwenye simu. Mzunguko wa kwanza rekebisha mambo makubwa tu: mwendo, siku, mizigo, nani anajua nini. Wa pili soma kwa sauti, weka alama popote ulimi unapokwama au pumzi inapokatika. Tahajia ni mzunguko wa mwisho, maana hakuna faida ya kusafisha herufi za sura utakayoifuta. Halafu wape wasomaji watatu, mmoja wao awe mtu asiyependa kabisa njozi, na usiwaulize kama wamependa. Waulize ni ukurasa gani waliuweka mswada chini.